Mguu wa Shija, goti la mama: wapi pa kumwona daktari wa mifupa Mwanza

Kibao kilisema "Daktari Bingwa wa Mifupa" kwa rangi nyekundu, na chini yake namba ya simu. Mdogo wangu Shija alikuwa amelazwa ndani, mguu wa kulia umefungwa kwa kipande cha boksi na kanga ya abiria aliyekuwa naye, bodaboda yake tumeiacha kwa fundi pale pale Buhongwa. Mhudumu alishatuandikia kwenye karatasi kiasi cha kutanguliza ili apasuliwe usiku ule ule. Nilitoka nje na simu yenye chaji asilimia tisa, nikaingia kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika mtandaoni, nikaandika majina mawili ya yule daktari. Alikuwemo. Leseni yake hai. Ila kwenye usajili aliandikwa daktari basi, ubingwa hakuna.

Huo ulikuwa mwaka 2022. Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya mama, goti. Mifupa miwili ya familia moja, kadi mbili tofauti za bima, na tukaishia milango miwili tofauti. Ndiyo maana mtu akiniuliza "daktari gani wa mifupa ni mzuri hapa Mwanza?" simtajii mtu. Namuuliza: mfupa gani, na mfukoni una kadi gani?

Milango minne

| | Unaingiaje | Bima | Panafaa zaidi kwa |
|---|---|---|---|
| Sekou Toure (rufaa ya mkoa) | Rufaa kutoka chini. Dharura moja kwa moja | NHIF (bima ya afya ya taifa). CHF iliyoboreshwa (bima ya afya ya jamii) mwaka 2022 iliishia ngazi hii | Mivunjiko ya kawaida, hogo (plasta ngumu), kliniki za kufuatilia |
| Bugando (rufaa ya kanda) | Rufaa. Dharura moja kwa moja | NHIF. CHF haikufika | Nyonga, uti wa mgongo, mfupa uliogoma kuunga, majeraha mengi kwa pamoja |
| Binafsi mjini | Unaingia tu | Inategemea mkataba wa kila hospitali | Kuonwa haraka, maoni ya pili |
| MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili), Dar es Salaam | Rufaa | NHIF | Kubadilisha nyonga au goti, uti wa mgongo |

Jedwali hili ni la kuanzia tu. Lina kasoro moja kubwa: linazungumzia majengo, wakati anayekushika mguu ni mtu. Hapo ndipo wengi tunapochanganya, nami nilichanganya.

Leseni ni ya mtu, bima ni ya jengo

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, hausaini mkataba na dokta fulani. Unasajili kituo. Kwa hiyo daktari yule yule uliyemwona asubuhi hospitali ya rufaa kwa kadi, ukimfuata jioni kwenye kliniki anayofanyia kazi za ziada mjini, anaweza kuwa daktari wa pesa taslimu. Yeye ni yule yule, jengo ndilo limebadilika. Na kinyume chake hutokea pia: jengo lina mkataba, kadi inapokelewa kwa tabasamu, lakini bingwa wa mifupa anakuja siku moja kwa wiki, na siku nyingine zote unaonwa na daktari wa kawaida anayejitahidi.

Kwa hiyo kuna kukagua mara mbili. Ukimkagua daktari peke yake utashtukia dirisha la malipo. Ukiikagua bima peke yake unaweza kupasuliwa na mtu ambaye hakusomea mifupa, tena bure kabisa.

Swali la dirishani nalo lina namna yake. "Mnapokea bima?" halina maana, kila mtu atakujibu ndiyo. Mimi nauliza hivi: "Mnapokea NHIF kwa kliniki ya mifupa? Na kwa upasuaji? Na chuma chenyewe kimo au tunanunua?" Zipo sehemu ambazo kadi inamlipia daktari na eksirei, halafu inaishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Baadhi ya vipimo na upasuaji mkubwa huhitaji kibali cha Mfuko kabla, na kibali kinaombwa na hospitali, si wewe. Uliza nani anakifuatilia na umpate kwa jina. Wenye bima za kampuni binafsi, namba iko nyuma ya kadi: piga, taja hospitali, taja upasuaji, na usikubali jibu la mdomo. Waambie watume barua ya kukubali kulipia.

Kusoma herufi zilizo nyuma ya jina

MD ni udaktari: miaka mitano ya chuo, kisha mwaka mmoja wa mazoezi kazini. Huyo ni daktari kamili na anaweza kukuokoa maisha, ila si bingwa wa mifupa. Bingwa anaongeza shahada ya uzamili ya tiba, MMed, na kwenye mabano lazima yaonekane maneno ya mifupa na majeruhi. MMed ya upasuaji wa jumla si hiyo. Wapo waliopitia njia ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA. Hao huandika FCS na kutaja mifupa. Siku hizi utasikia pia "bingwa bobezi", yaani aliyekwenda mbele ya ubingwa akashika kipande kimoja, kwa mfano uti wa mgongo au kubadilisha viungo. Kwa mguu uliovunjika katikati humhitaji bobezi. Kwa nyonga ya kubadilisha, mtafute.

Tahadhari moja kuhusu lile daftari. Tangu sheria ya mwaka 2017, Baraza linasimamia pia wataalamu wengine wa tiba, maafisa tabibu wakiwemo. Kuwemo kwenye daftari maana yake mtu ana haki ya kufanya kazi ya ngazi yake. Ngazi ipi, ndicho cha kusoma. Angalia vitu viwili: aina ya usajili, na kama leseni iko hai. Jina likikataa kutokea, jaribu kubadilisha mpangilio. Wengi wetu tuna majina matatu na kila karatasi ina mawili tofauti. Likikataa kabisa, muombe namba yake ya usajili. Daktari halali haoni haya kuitaja. Dokta mmoja wa Bugando nilipomuuliza alicheka, akanionyesha kwenye muhuri wake.

Hospitali binafsi nayo ina cheti chake cha usajili kutoka Wizara ya Afya, na mara nyingi kimetundikwa ukutani mapokezi, karibu na kalenda. Simama ukisome. Kinachukua nusu dakika.

Shija: Sekou Toure au Bugando?

Jioni ile tulimtoa Shija pale kwenye kibao chekundu. Hawakufurahi. Tulipita kituo cha afya, wakamfunga banzi la maana, wakampa sindano ya maumivu na fomu ya rufaa, tukaenda Sekou Toure. Alikuwa na CHF iliyoboreshwa, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na kadi hiyo ilitoka zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Juu ya hapo haikuwa na kauli. Jirani zetu walisema kwa sauti moja: "Mpelekeni Bugando, kule ndiko kuna madaktari." Ni kweli wapo. Bugando imekaa juu ya kile kilima tangu 1971, ni ya Baraza la Maaskofu Katoliki kwa ubia na Serikali, na inapokea wagonjwa kutoka Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Shinyanga. Hapo ndipo penye faida, na hapo hapo ndipo penye tatizo: nyonga iliyosagwa na lori huko Geita inaletwa kwenye chumba cha upasuaji kile kile ambacho mguu wa Shija ungekuwa unasubiri. Na ni haki imtangulie.

Mfupa wake ulikuwa wa muundi, umevunjika sehemu moja, ngozi haikutoboka, vidole vya joto na anavichezesha. Mvunjiko wa namna hiyo bingwa wa hospitali ya mkoa anauona mara kwa mara. Kadi ilibeba kitanda na dawa, chuma tukajichangia ndugu. Kama mfupa ungekuwa umetoka nje, au vidole vimepoa na kufa ganzi, nisingekaa kulinganisha chochote: ni hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji, sasa hivi, aoshwe kidonda na aanze dawa ya kuzuia maambukizi, mengine baadaye. Na PF3 isikucheleweshe. Fomu ya polisi inafuatiliwa na ndugu mmoja wakati mgonjwa anatibiwa. Serikali imeshasema zaidi ya mara moja kwamba majeruhi atibiwe kwanza.

Nani hasa angefika mbali zaidi ya Sekou Toure? Aliyevunjika nyonga au uti wa mgongo. Aliyepasuliwa miezi tisa iliyopita na mfupa haujaunga, au chuma kimelegea na kinatoa usaha. Na kundi moja ambalo kwetu Kanda ya Ziwa ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: vijana wenye selimundu. Ugonjwa huu unaua kichwa cha mfupa wa paja taratibu kwa kukosa damu, kijana wa miaka ishirini anaanza kuchechemea, nyumbani wanasema amelala vibaya. Huyo asipelekwe kwa daktari wa mifupa aliye peke yake kwenye kliniki ya ghorofa ya pili mjini. Apelekwe penye wataalamu wa mifupa, wa damu na wa dawa ya usingizi chini ya paa moja, kwa sababu kumlaza usingizi tu ni kazi ya kupangwa.

Bugando ni hospitali ya kufundishia pia, ya CUHAS, chuo kikuu cha Kikatoliki cha sayansi za afya. Watu wanaliogopa hilo: "Watamfanyia mazoezi mwanangu." Mimi nalipenda, kwa sharti moja. Uliza nani atashika kisu na nani atasimama pembeni yake. Daktari anayesomea ubingwa akiwa na bingwa wake mezani, unapata macho manne. Swali hilo hilo liulize hospitali binafsi; huko mara nyingine jina la kwenye kibao ni la mkubwa, anayepasua ni mwingine.

Kama ni ajali, kuna mifuko mingine

Hapa nitapita haraka. Aliyegongwa na gari ana haki ya kudai bima ya gari hilo. Piga picha namba ya gari, kisha ihakiki kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima uone kama bima ni hai. Haitakulipia dirishani siku ile, ni madai ya baadaye, kwa hiyo kila risiti itunzwe, hata ya magongo. Aliyeumia akiwa kazini, iwe kiwandani Nyakato au kwenye samaki, mwajiri anapaswa kutoa taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Wengi wanajilipia huku haki yao imelala. Asiye na kadi wala pesa aulizie ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali kabla deni halijakua, si siku ya kuruhusiwa.

Mama: binafsi mjini au safari ya Dar?

Goti la mama halikuwa na haraka, na jambo lisilo na haraka ndilo linalovuta matapeli. Kila mtu wa Kirumba alikuwa na jibu: "goti limesagika", "ute umeisha", kuna dada anauza unga wa kurudisha ute, kuna sindano. Mimi ni mwalimu, mama ni mtegemezi kwenye kadi yangu ya NHIF, kwa hiyo tulichagua kwa utulivu. Tukaenda hospitali binafsi mjini. Bingwa alikuwa halisi, nilishamsoma kwenye daftari, kadi ikapita, foleni hakuna, kiti laini. Sina cha kulalamikia.

Ikaja Machi 2024. Kitita kipya cha mafao kikaanza kutumika, na baadhi ya hospitali binafsi nchini zikasitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa sababu ya bei zake. Tulifika kwa ajili ya miadi ya pili tukakuta karatasi imebandikwa kwenye kioo cha mapokezi. Mama, ambaye alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili kwa ajili ya dokta, aliisoma polepole akaniuliza, "Kwa hiyo kadi imekufa?" Nikamwambia kadi haijafa, mama, ni jengo. Huduma zilirudi baadaye, lakini somo likabaki kwangu: ukichagua binafsi, beba nakala za kila kitu. Picha za eksirei, maelezo ya daktari, majina ya dawa. Ugonjwa wa muda mrefu usiufungie kwenye faili ambalo huna ufunguo wake.

Tulihamia Sekou Toure kwa muda. Ukitoka binafsi, tofauti unaiona kwenye benchi. Unafika asubuhi na mapema, "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa mabenchi yote, halafu unakaa. Pembeni yetu alikaa mvuvi wa Ukerewe mwenye vile vyuma vya nje ya ngozi vinavyoitwa antena, amevifunika kwa kitambaa cha kanga alichokishona mkewe kikawa kama soksi yenye matundu manne, tundu moja kwa kila msumari. Alikuwa amekuja na meli ya kutoka Nansio jana yake na kulala kwa ndugu Igogo. Mama akamuuliza kama inauma, akasema inauma baridi ya ziwani tu. Saa tano tukaitwa. Dakika kumi na mbili ndani.

Dokta aliangalia picha, akamwinua mama, akamtembeza hatua sita, akasema la kubadilisha goti bado. Fiziotherapia, fimbo mkono wa upande mzima, kilo kadhaa zipungue, vidonge vya maumivu kwa kiasi kwa sababu ya presha. Mama alisikitika kidogo. Nadhani alitaka kisu, yaishe. Mimi nilimwamini daktari huyo kuliko wote kwa sababu hiyo hiyo: hakuwa na la kutuuzia.

Ingefika siku ya kubadilisha goti, nisingeona haya kufikiria Dar. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na kubadilisha nyonga na magoti ni kazi yao ya kawaida. Hilo ndilo swali la kuuliza hospitali yoyote, ya karibu au ya mbali: hii mnafanya mara kwa mara au mara moja moja, wanapokuja madaktari wageni? Upande wa pili wa mzani ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, ndugu wa kumsindikiza, mahali pa kulala Dar wakati wa mazoezi, na miadi ya kurudi. Bima hailipi basi wala chakula cha msindikizaji. Goti jipya linahitaji wiki za mazoezi tiba, na mazoezi hayo yatafanyika Mwanza, kwa mtu wa fiziotherapia ambaye hakuliona likiwekwa. Kwa hiyo ukienda, rudi na barua ya daktari inayosema ni kiungo gani kimewekwa na aanze nini wiki ipi.

Na waunga mifupa?

Kuna watakaoshangaa nisipowataja, maana Usukumani kila tarafa ina mzee wa kuunga. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kisheria, na mganga anapaswa kuwa amesajiliwa. Kwa teguko la kawaida sigombani na mtu. Kwa mfupa uliovunjika nagomba, na sababu ni moja: vijiti vikikazwa mguu unapovimba, damu haipiti, na nyama inaanza kufa ndani ya saa chache. Anayekuja Bugando baada ya hapo haji kuungwa, anakuja kukatwa. Kama mzee wako hakubaliani nawe, usibishane. Mwombe eksirei kwanza, kisha mkae na picha mezani.

Chuma cha Shija

Mwaka huu Shija anataka chuma kitolewe, anasema kinamsumbua akipiga kiki pikipiki. Yule bingwa aliyemtibu sasa ana kliniki yake ya jioni mjini, na Shija anataka kumfuata huko huko kwa sababu "anaujua mguu wangu". Nimemsoma tena kwenye daftari: usajili ule ule, ubingwa upo, leseni hai. Nikapiga simu kwenye kliniki yake kuulizia kadi. Kwa kliniki, ndiyo. Kwa upasuaji, bado hawana mkataba. Shija amepanga foleni ya fomu ya rufaa kituo cha afya, na eksirei ya zamani ameiweka kwenye mfuko wa Rambo juu ya kabati, watoto wasiichezee.